Barua ya Kuachishwa Kazi Ina Tarehe Ngapi?

Mtu akija kwangu na shauri la kuachishwa kazi, swali langu la kwanza huwa ni hilo, na mara nyingi huliuliza kabla hajamaliza kunieleza jinsi alivyoonewa. Simkatizi kwa sababu simjali. Namkatiza kwa sababu Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi za mwaka 2007 zinampa mfanyakazi wa Tanzania Bara siku 30 tu za kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi isivyo halali mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo zinahesabiwa tangu alipoachishwa au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho, na kila siku anayoitumia kulalamika, kushauriana na ndugu au kungoja hasira za bosi zipoe inatoka humo humo. Mimi si wakili. Ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea hapa Morogoro, mmoja wa watu wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na kazi yangu ni kusikiliza, kueleza, kusaidia kujaza fomu na kumwelekeza mtu mahali panapostahili.

Mwaka jana nilimwuliza swali hilo mtoto wa dada yangu, na tangu siku hiyo nimekuwa nikitafuta namna ya kuandika kuhusu jibu lake.

Alikuwa ametunza stoo ya kampuni moja jijini Dar es Salaam kwa miaka 4. Siku moja mzigo uliohesabiwa haukulingana na ulioandikwa kwenye vitabu, na jioni hiyohiyo akapewa barua ya kuachishwa kazi, bila kuitwa kwenye kikao cha nidhamu wala kupewa nafasi ya kujieleza. Alipokuja kwangu alikuwa na bahasha kubwa, yenye nyaraka zilizopangwa vizuri kuliko za watu wengi ninaowahudumia.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mjomba. Barua ina tarehe ngapi?”

Tulihesabu pamoja kwenye kalenda ya ukutani. Zilikuwa siku 74.

Nilidhani amezembea, na nilikosea. Usiku uleule alioachishwa kazi alikuwa amefungua programu ya akili mnemba kwenye simu yake, akaandika kwa Kiswahili kwamba ameachishwa bila kusikilizwa, akauliza ana haki gani. Alinionyesha mazungumzo yote. Jibu lilikuwa refu, lenye heshima, la Kiswahili kilichonyooka kuliko cha barua nyingi za ofisini. Lilimpa pole kwanza. Kisha likamwambia kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu cha 41, inamtaka mwajiri amsikilize mfanyakazi kabla ya kumwachisha kazi kwa utovu wa nidhamu; kwamba kifungu cha 45 kinakataza kumwachisha mtu bila sababu ya haki na utaratibu wa haki; kwamba shauri lake litasikilizwa na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi; na kwamba ana miaka 3 ya kulifungua, hivyo ni busara aanze kwa kumwandikia mwajiri barua ya madai na kumpa muda wa kujibu. Likamtungia na hiyo barua. Mwajiri akajibu kwamba suala linafanyiwa kazi. Kijana akangoja, akaandika barua ya pili, akangoja tena.

Nilisoma jibu hilo mara mbili nikitafuta uongo, sikuuona. Sheria hiyo ipo, vifungu hivyo vipo na vinasema hivyo, mahakama hiyo ipo, na muda wa miaka 3 upo. Vyote vipo Kenya. Kama mpwa wangu angekuwa ametunza stoo hiyo Mombasa au Nakuru, ushauri ule ungemfaa. Yeye aliitunza Dar es Salaam, ambako sheria inayomhusu ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na ambako barua za madai, hata ziandikwe kwa ustadi gani, hazisimamishi siku 30.

Wengi wetu tumezoea kusikia kwamba hatari ya programu hizi ni kubuni mambo, na ni kweli zinabuni, nitalifikia hilo. Lakini kwa sisi tunaouliza kwa Kiswahili kuna hatari nyingine ambayo sijaona ikizungumzwa vya kutosha. Lugha yetu inavuka mipaka ambayo sheria haivuki. Mtu anayeandika kwa Kiswahili anaweza kuwa Tanga, Lunga Lunga, Bukavu au Bujumbura, na swali lake likawa lilelile neno kwa neno, wakati majibu ya kisheria ni manne tofauti. Huko Bukavu na Bujumbura hata mizizi ya sheria zenyewe ni ya Kibelgiji, si ya Kiingereza kama yetu. Programu hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, kisha hutunga jibu neno baada ya neno kwa kufuata namna maneno yalivyozoea kuandamana. Mara nyingi hazifungui kitabu cha sheria cha mahali ulipo, na mahali penyewe huenda zisipajue usipozitajia. Tuongeze kwamba sheria zetu za Bara kwa miaka mingi ziliandikwa kwa Kiingereza, na ni mwaka 2021 tu sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Maandishi ya Kiswahili kuhusu sheria ya Tanzania yanayopatikana mtandaoni bado ni haba, na pengo hilo hujazwa na chochote kilicho karibu.

Tena si lazima uvuke Namanga. Panda boti Dar es Salaam uende Unguja, mwendo wa saa 2 hivi, na utakuwa umeingia kwenye sheria nyingine ya ajira, nyingine ya ardhi, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 utakuwa umeiacha Bara. Kenya ina Mahakama za Kadhi zilizotajwa katika Katiba yake, Zanzibar ina zake, lakini Bara hakuna Mahakama ya Kadhi yenye mamlaka ya dola, na mjane Mwislamu wa Kilosa anayetaka kufungua mirathi huenda Mahakama ya Mwanzo. Hebu fikiria mjane huyo anauliza simu kwa Kiswahili fasaha, na swali lake limejaa maneno eda, mirathi na wasia. Ni rahisi kiasi gani aambiwe aende kwa Kadhi, na aende, na aambiwe huko kwamba si hapa.

Kuhusu kubuni, shauri linalojulikana zaidi duniani ni lile la Mata dhidi ya Avianca, lililoamuliwa New York mwaka 2023, na mimi hulitumia katika mafunzo kwa sababu chimbuko lake pia lilikuwa muda. Abiria alidai kwamba aliumizwa goti na kitoroli cha chakula ndani ya ndege mwaka 2019. Shirika la ndege likasema amechelewa, kwa kuwa Mkataba wa Montreal unaohusu safari za kimataifa unampa mtu miaka 2 tu. Wakili wake, mtu aliyefanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 30, akamwomba ChatGPT mashauri ya kumwokoa na ukomo huo, akapewa, na sita kati ya yale yaliyopelekwa mahakamani hayakuwahi kuwepo popote. Alipopata wasiwasi kuhusu mojawapo aliiuliza programu ileile kama ni la kweli, ikamhakikishia kuwa ni la kweli. Jaji P. Kevin Castel aliwatoza mawakili waliohusika faini ya dola 5,000, na shauri lenyewe likatupwa kwa sababu ya muda. Mwezi Juni 2025 Mahakama Kuu ya Uingereza ilitoa onyo kali kwa mawakili baada ya kupelekewa, katika shauri mojawapo, rejea 45 ambazo 18 kati yake zilikuwa za mashauri yasiyokuwepo. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Pietermaritzburg, Afrika Kusini, ilitafuta mashauri 9 yaliyotajwa katika ombi la rufaa ikayapata 2 tu.

Hao ni watu waliosomea kazi hiyo. Lakini anayenisikitisha zaidi ni mwanamama mmoja wa Uingereza ambaye mwaka 2023 alijitetea mwenyewe mbele ya baraza la kodi akiwa na mashauri 9 yaliyobuniwa. Baraza liliamini kwamba hakujua kuwa si ya kweli, na bado alishindwa. Angejuaje? Wakili ana maktaba, ana wenzake, ana chama kinachomwajibisha. Mama huyo alikuwa na jibu lililoandikwa vizuri tu.

Chuo Kikuu cha Stanford kilipima mwaka 2024 zana za akili mnemba zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili ya mawakili wa Marekani, na hata hizo zilipotosha angalau mara 1 katika maswali 6. Na hiyo ni sheria ya Marekani, ambayo maandishi yake yamejaa mtandaoni kuliko ya nchi yoyote.

Kosa lililo gumu zaidi kuonekana ni kwamba programu hizi hujibu ulichouliza, na mtu aliye kwenye matatizo mara nyingi hajui cha kuuliza. Mama mmoja wa mtaani kwetu aliiuliza simu kama ana haki katika nyumba iliyoandikwa jina la mumewe. Akajibiwa kwamba anayo, kwa kuwa mali iliyopatikana ndani ya ndoa hugawanywa kulingana na mchango wa kila mmoja, na kazi za nyumbani nazo ni mchango. Kwa Bara jibu hilo ni sahihi kabisa. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo tangu mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Akatungiwa maombi ya talaka, akayachapisha stationery, akayapeleka mahakamani. Nilipomwuliza walifunga ndoa lini na wapi, alinyamaza. Walikuwa wameishi pamoja miaka 11, wakapata watoto watatu, lakini ndoa haikuwahi kufungwa. Sheria ya Ndoa inayo njia kwa ajili ya watu kama yeye: dhana ya ndoa, kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja kwa miaka 2 au zaidi na kutambulika na jamii kuwa mke na mume. Lakini hiyo si njia ya talaka, na inahitaji ushahidi mwingine na maelezo mengine. Hata kama wangekuwa wamefunga ndoa, kwa kawaida asingeweza kuomba talaka bila kwanza kupeleka mgogoro kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Hakuna kati ya hayo aliloambiwa, kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Bahati yake, halikuwa shauri la siku 30.

Sheria nayo hubadilika, na maandishi ya zamani yanabaki pale pale mtandaoni. Mzee mmoja wa Mvomero alikuja akiwa na uhakika kwamba Baraza la Kata litamwamulia mgogoro wa shamba lake, kwa sababu thamani yake ilikuwa chini ya shilingi milioni 3. Ndivyo ilivyokuwa zamani. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021 Mabaraza ya Kata yanasuluhisha tu, na mamlaka ya kuamua yako kwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kisha tarehe 1 Julai 2025 likaanza kutumika Toleo la Marekebisho la mwaka 2023 la sheria zetu, na katika sheria kadhaa namba za vifungu zimehama, kiasi kwamba hata sisi tunaoshika vitabu hivi kila wiki tunalazimika kutazama upya kabla ya kuandika.

Kuna jambo jingine ambalo lilituuma katika shauri la mpwa wangu. Katika mazungumzo yale ya usiku, akiwa amefadhaika, alikuwa amemwaga kila kitu, ikiwamo kwamba siku moja aliwahi kutoa mzigo bila hati kwa sababu msimamizi alimpigia simu akamwambia atoe tu. Kwa wakili asingekuwa na cha kuogopa, kwa maana Sheria ya Ushahidi inalinda anayoambiwa wakili na mteja wake. Kwa mashine ulinzi huo haupo. Julai 2025 Sam Altman, mkuu wa OpenAI, kampuni iliyotengeneza ChatGPT, alisema mwenyewe hadharani kwamba mazungumzo ya mtu na ChatGPT hayana kinga ya kisheria kama ile ya mtu na wakili au daktari wake. Tulipokaa kuandaa ombi la kusamehewa kuchelewa, lile linalojazwa kwenye fomu ya Tume na kuambatanishwa na kiapo, mazungumzo yale ndiyo yaliyokuwa ushahidi pekee wa kilichomchelewesha. Yakiambatanishwa, maneno yake kuhusu mzigo yanaingia kwenye jalada. Yasipoambatanishwa, anabaki na maneno matupu. Wakili aliyekubali kutusaidia bila malipo alitushauri tusiyaambatanishe, na nadhani alishauri vyema, ingawa niliona uchungu kumweleza kijana kwa nini.

Siwalaumu watu wanaouliza simu. Mimi mwenyewe najua ofisi ya wakili inaonekanaje kwa mtu mwenye nauli ya kwenda tu: ngazi, meza ya mapokezi, ada ya ushauri ambayo inatajwa kabla hujasema shida yako. Simu inapokea saa 8 za usiku, haikuulizi umevaa nini, na inakuita kwa heshima. Kijana aliyepoteza kazi mchana anahitaji kuambiwa usiku huo kwamba hakustahili alichofanyiwa. Kumwambia asiguse kabisa kitu hicho ni kumwambia akae gizani mpaka Jumatatu. Kuna kazi ambazo programu hizi zinazifanya vizuri, na nimeziona: kumsaidia mtu apange matukio yake kwa tarehe, kumfafanulia maana ya maneno magumu katika barua aliyopokea, kumwandalia maswali ya kwenda kumwuliza wakili. Humo ikikosea, kosa linarekebishika mezani. Muda uliopita haurekebishiki hivyo.

Kwa hiyo siku hizi, mtu akija na jibu la simu, silitupi. Tunalisoma pamoja, na kila penye jina la sheria naangalia ni ya nchi gani na ya mwaka gani. Penye shauri tunalitafuta TanzLII, hifadhi ya hukumu iliyo wazi kwa kila mtu bila malipo, na tusipoliona tunalichukulia kuwa halipo mpaka mtu atuonyeshe. Penye muda, sikubali neno la simu hata moja. Hilo tunaliuliza Tume yenyewe au masjala ya mahakama, siku hiyohiyo, kwa miguu ikibidi. Nimewaomba pia viongozi wa mtaa wetu waweke kwenye ubao wa matangazo, kwa maandishi makubwa, kwamba aliyeachishwa kazi afike kwa msaidizi wa kisheria ndani ya wiki ya kwanza.

Ombi la mpwa wangu lilikataliwa. Anayeomba kuongezewa muda anatakiwa aeleze kila siku aliyochelewa, na mahakama zetu zimeshikilia kwa muda mrefu kwamba kutojua sheria si sababu. Mwamuzi alimsikiliza kwa upole, akamwuliza ni nani aliyemwambia ana miaka 3, na kijana akajibu kwamba alisoma kwenye simu. Uamuzi ulikuwa wa kurasa 5. Hoja kwamba hakusikilizwa kabla ya kuachishwa kazi, hoja ambayo naamini angeshinda nayo, haikujadiliwa, kwa kuwa shauri halikufika huko.

Tukiwa kwenye basi tunarudi Morogoro, tumeshapita Chalinze, alitoa simu akaandika swali lilelile la usiku ule, neno kwa neno kama alivyolikumbuka, ila safari hii akaongeza maneno “Tanzania Bara” mwishoni. Jibu lilikuja kabla hajaishusha simu mapajani. Lilitaja Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, likataja fomu, likataja siku 30. Alinipa simu nisome, kisha akaichukua tena akaisoma mwenyewe mara ya pili.

“Mjomba,” akasema, “kumbe ilikuwa inajua.”